Rangi Moja, Milimita Zile Zile

Kabla ya kuchora chochote, fundi wa ramani huandika namba. Huyu ninayemsimulia hufanya kazi mjini Isiolo, na orodha yake ya kwanza huiandika kwa penseli kwenye daftari, wala si kwenye kompyuta: 2018, 2019, 2020, 2021, 2022, 2023, 2024. Ni misimu saba ya mvua za masika, Machi hadi Mei. Kila msimu utapata ramani yake ya kontua za mvua, kisha ramani zote saba zitapangwa kwenye karatasi moja na kupelekwa mbele ya kamati ya wadi na wazee wa malisho. Chini ya miaka hiyo huacha nafasi ya namba mbili ambazo bado hazijui: kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa cha mvua katika misimu yote saba kwa pamoja. Hagusi rangi hata moja mpaka namba hizo zipatikane.

Isiolo ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 25,000, yenye wadi kumi, na mvua yake haijawahi kugawanyika sawa. Mji wenyewe uko mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inaishia na nyanda kavu zinaanza, na hupata milimita 600 hivi kwa mwaka. Ukifuata mto Ewaso Nyiro kuelekea Merti na kuingia Sericho, mvua hupungua hadi nusu ya hiyo, pengine chini zaidi. Miaka nayo haifanani. Masika ya 2018 yalileta mafuriko. Mwaka 2020 ulinyesha vizuri. Mwaka 2022 wataalamu wa hali ya hewa wa kanda waliutaja kuwa na masika makavu kuliko yote katika Pembe ya Afrika kwa takriban miaka 70, na 2024 maji yakafurika tena. Kazi ya fundi ni kuziweka tofauti hizo zote mbele ya macho ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja, bila kumpotosha.

Vipimamvua vya kaunti ni vichache na viko mbalimbali, kwa hiyo malighafi yake ni takwimu za CHIRPS, mkusanyiko ulioandaliwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na shirika la jiolojia la Marekani. Takwimu hizo zinaanzia mwaka 1981. Huunganisha joto la vilele vya mawingu, linalosomwa na setilaiti, na vipimo vya vituo vya ardhini, kisha hutoa makadirio ya mvua kwa kila mraba wenye upande wa kilomita tano na kitu. Isiolo nzima inaingia katika miraba mia nane hivi. Miezi mitatu kwa misimu saba ni mafaili 21, naye huyafungua moja baada ya jingine, akisoma jina, mwezi na mwaka kwa midomo inayotikisika kidogo kama mtu anayehesabu mbuzi wanaotoka zizini.

Halafu huyajumlisha matatu matatu. Hapa kuna kitu kidogo anachokichunga sana. Nje ya mpaka wa kaunti, pasipo na takwimu, faili hubeba namba ya kuashiria utupu, -9999. Programu ikisahau kwamba hiyo ni alama tu, itaihesabu kama mvua, na kiwango cha chini cha msimu mzima kitakuwa upuuzi. Kwa hiyo baada ya kila jumla huangalia tarakimu ya chini kabisa. Ikiwa hasi, anarudi nyuma. Mbingu hainyeshi chini ya sifuri.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe, maana ndio unaoifanya kazi hii kuwa ufundi. Anatumia QGIS, programu huria ya ramani iliyoanza mwaka 2002. Ukiitupia programu kama hii tabaka la mvua na kuiomba rangi, itajitafutia yenyewe kiwango cha chini na cha juu cha tabaka hilo, na hilo peke yake, kisha itatandaza rangi zote kati ya ncha hizo mbili. Ramani inayotoka inapendeza. Ina mapana yote ya rangi, kutoka iliyofifia hadi iliyokoza. Tatizo ni kwamba ukiitupia tabaka la mwaka mwingine, hufanya vivyo hivyo tena, kwa ncha nyingine. Kona yenye mvua nyingi zaidi mwaka 2022 inapakwa buluu ileile iliyokoza inayopakwa kona yenye mvua nyingi zaidi mwaka 2018, ingawa moja ilipata kidogo na nyingine ilizama. Mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko vinatoka vimefanana kama mapacha. Hakuna namba iliyodanganya. Kila ramani ni sahihi ikiwa peke yake, na uongo unazaliwa pale zinapowekwa ubavuni.

Nimeona ramani za namna hiyo katika ripoti nyingi zenye jalada zuri, na naamini zimefanya madhara zaidi kuliko ramani zenye makosa ya wazi, kwa sababu kosa la wazi hukamatwa.

Yeye huizima kabisa hiari hiyo ya programu. Kwanza hutafuta kiwango cha chini na cha juu cha kila msimu, huviandika kwenye daftari safu kwa safu, na kutoka katika safu hizo huchukua kilicho chini kuliko vyote na kilicho juu kuliko vyote. Hapo ndipo ile nafasi ya penseli hujazwa. Kisha huichanganya miraba ya misimu yote saba katika lundo moja na kuangalia inakokusanyika: mingapi iko chini ya milimita 50, mingapi kati ya 50 na 100, na kuendelea hadi juu. Anataka kujua mvua ya Isiolo inapenda kukaa wapi kabla ya kuamua mipaka ya rangi iwekwe wapi.

Uamuzi wa mipaka ndio unaomchukua muda mrefu, na ndio ulionifundisha mengi zaidi. Angeweza kugawa sawasawa, kila milimita 50 rangi yake. Lakini hapo zingehitajika rangi tisa, kumi, au zaidi, na jicho la binadamu haliwezi kutofautisha kwa uhakika vivuli vingi hivyo vya ukoo mmoja wa rangi, hasa vikitenganishwa na upana wa karatasi. Tano hadi saba ndicho kiasi ambacho wachora ramani wengi hukiamini. Yeye amechagua saba: chini ya 50, 50 hadi 100, 100 hadi 150, 150 hadi 200, 200 hadi 300, 300 hadi 400, na zaidi ya 400. Hatua ni fupi chini na ndefu juu, na anaweza kuitetea kila moja. Katika nchi ya wafugaji, tofauti ya milimita 60 na 120 kwa msimu ni tofauti ya nyasi kuota au kutoota. Tofauti ya 330 na 390 haimbadilishii ng'ombe jambo kubwa. Tayari kuna maji na kuna malisho. Kwa hiyo ameyaweka macho ya ramani pale penye maamuzi. Na kwa kuwa hatua hazilingani, kwenye ufunguo visanduku vya 200 hadi 300 na 300 hadi 400 amevichora virefu mara mbili ya vile vya hatua za 50, ili msomaji aone kwa macho kwamba hatua imebadilika hata kabla ya kusoma tarakimu.

Rangi za juu na chini ameziacha wazi. Ya mwisho haina dari, imeandikwa tu kuwa ni zaidi ya 400. Likija gharika la ajabu mwaka ujao, litapata pa kukaa bila kuvuruga ramani zilizokwisha kuchapishwa.

Ndipo anazigusa rangi. Anachukua ngazi inayoanza na manjano iliyofifia, inapita kijani, na kuishia buluu iliyokoza, mojawapo ya zile zilizopendekezwa na Cynthia Brewer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliandaa mkusanyiko wa rangi za ramani unaotumika hadi leo duniani kote. Siri ya ngazi hiyo ni mwanga. Kila hatua ni nyeusi kidogo kuliko iliyotangulia, bila kurudi nyuma. Rangi za upinde wa mvua, ambazo wengi huzipenda, hazina nidhamu hiyo: manjano yake hung'aa katikati na kuvuta jicho mahali pasipo na jambo, na ukitoa nakala ya ramani kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, chini na juu vinafanana. Yeye hujaribu mapema. Hugeuza skrini kuwa ya kijivu, hukaza macho, na kuhesabu vivuli kutoka kushoto kwenda kulia. Saba. Anarudisha rangi.

Kitendo kinachofuata ni kidogo mno kiasi kwamba mtu anayepita nyuma yake asingekiona. Anaandika mipaka kwa mkono kwenye tabaka la kwanza, tarakimu moja moja, akibonyeza kitufe cha kuhama kila mara na kuisoma upya: 50, 100, 150, 200, 300, 400. Anahifadhi mtindo huo kama faili lenyewe, lenye jina linalotaja mipaka na tarehe. Kisha anaubandika kwenye matabaka sita yaliyobaki. Hauandiki upya hata mara moja, kwa sababu mkono unaoandika mara saba una nafasi saba za kuteleza. Baada ya hapo huja ukaguzi. Anabonyeza Merti kwenye ramani ya 2018, anasoma milimita, anatazama rangi, anatazama ufunguo. Anabonyeza Merti kwenye 2019. Halafu 2020. Akimaliza Merti anahamia Garbatulla, kisha Kinna, kisha Oldonyiro, miaka yote saba kila mahali. Hakuna anayemsimamia, na hakuna ambaye angegundua kama angeishia Merti.

Kontua zenyewe huzichora juu ya rangi, na hufuata mipaka ileile. Mstari wa 100 unapita hasa pale rangi ya pili inapokutana na ya tatu, katika kila ramani. Kwa kuwa miraba ya takwimu ina kona, mistari ya kwanza hutoka na meno kama msumeno, naye huilainisha kwa kiasi, akijua kwamba mstari laini kupita kiasi hujifanya kujua mambo ambayo takwimu za kilomita tano hazijui. Namba huziandika juu ya mstari, zikiwa zimegeuzwa upande wa mwinuko wa mvua, kama zilivyoandikwa namba za mita kwenye zile ramani za serikali za 1:50,000 tulizozifunua katika vipindi vya Jiografia. Mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt alipochora mistari yake ya joto sawa mwaka 1817, hakuwa na rangi za kumsaidia. Namba kwenye mstari ilibeba kila kitu. Fundi wetu anapenda ramani yake iweze kusomeka hivyo pia, rangi zikipauka.

Kisha inakuja ramani ya 2022. Ikitokea kwenye skrini katikati ya wenzake, inasikitisha kuitazama. Manjano, manjano tena, na ukanda mdogo wa kijani chepesi kwenye upande wa mlima. Mistari ya juu haipo kabisa. Mtu yeyote mwenye mazoea ya kutengeneza vitu vizuri angetamani kuiongezea uhai, aifinye ngazi kidogo, msimu huo nao uonekane una sura. Yeye haifinyi. Anauacha ufunguo mmoja mrefu chini ya ramani zote saba, wenye rangi ambazo ramani ya 2022 haina hata tone lake, na ni kwa sababu ya rangi hizo zisizoonekana kwamba ukame unasomeka. Ni kama mwenye duka mwaminifu na gorogoro lake: mahindi yakiwa machache halijai, naye hatafuti kopo dogo zaidi ili lionekane limejaa.

Lakini yapo maswali halali ndani ya mwaka mkavu. Ofisa wa mifugo anaweza kutaka kujua, kati ya sehemu zote zilizokauka mwaka 2022, ipi ilikauka kidogo kuliko nyingine. Kwa hilo huchora karatasi ya pembeni yenye mipaka midogo ya milimita 20 kwa 20, na hapa ndipo nilipoona ustadi wake ulipofikia. Karatasi hiyo haitumii manjano wala buluu. Anaipa ukoo mwingine kabisa wa rangi, wa machungwa hadi kahawia, na kichwa chake kwa herufi nene. Kipimo kikibadilika, na rangi nazo zibadilike, ili mtu asije akaitoa karatasi hiyo na kuilaza kando ya ramani ya 2018 akidhani zinasema lugha moja.

Ana pia seti ya tatu, ya tofauti na wastani wa miaka 1991 hadi 2020. Hiyo ina nyeupe katikati, kahawia upande wa upungufu na kijani upande wa ziada, na ncha zake mbili ziko umbali sawa kutoka sifuri. Hata kama hakuna mwaka uliopungua kama ulivyozidi mwaka wa mafuriko, upande wa kahawia haukatwi. Nyeupe lazima iwe ni kawaida, na kawaida tu, katika ramani zote.

Isiolo wamezoea kipimo kisichohamishwa, hata wasipokiita hivyo. Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kaunti kila mwezi, na ndani yake kuna fahirisi ya hali ya mimea, inayotokana na picha za setilaiti, yenye mipaka ambayo haibadiliki kwa mwezi wala kwa kaunti: chini ya 10 ni upungufu uliokithiri, 10 hadi 20 mkali, 20 hadi 35 wa wastani, 35 hadi 50 kawaida, na kutoka 50 kwenda juu ni zaidi ya kawaida. Mipaka hiyo ina uzito, kwani huingia katika maamuzi ya lini fedha za dharura zitolewe. Fundi huyu ananieleza jambo ambalo wasomaji wengi wa taarifa hizo hulikosa. Fahirisi hiyo hulinganisha kila mahali na historia yake yenyewe, yaani kijani kibaya kabisa na kizuri kabisa kilichowahi kuonekana hapohapo. Kwa hiyo rangi moja pale Oldonyiro na pale Sericho haimaanishi majani sawa. Inamaanisha kila mahali pamefikia kiwango kilekile kwa kadiri ya uwezo wake. Ni kipimo thabiti, ila kinachopima kitu kingine, na ndiyo maana hakubali ramani zake za milimita zichapishwe kwa nyekundu na kijani cha fahirisi ile. Angekuwa anaazima maana isiyo yake.

Uchapishaji nao una subira yake. Nakala zote za seti moja hutoka siku moja, kwenye printa moja, kwa wino uleule. Kabla ya hapo huchapa ufunguo peke yake, mara ya kwanza na mara ya mwisho, na kuulinganisha. Buluu ya mwisho ikiwa imepungua kuliko ya mwanzo, wino unabadilishwa na kazi inarudiwa yote. Hupeleka karatasi ya majaribio nje, juani, kwa sababu mikutano mingi hufanyika chini ya mti, na manjano iliyofifia inayosomeka vizuri ofisini inaweza kumezwa na mwanga wa saa sita. Mara nyingine hurudi na kuikoza hatua ya kwanza kidogo. Akiikoza, huikoza katika lile faili la mtindo, na ramani zote saba hubadilika pamoja. Haziwekei plastiki inayong'aa. Mwako wake huziba upande mmoja wa ramani kwa kila anayeketi kushoto.

Wazee wa Boran wa Isiolo si wageni wa ramani. Katika miaka ya 2010 walikaa na wataalamu na kuchora malisho yao juu ya picha za setilaiti: malisho ya mvua, ya kiangazi, na yale ya akiba ambayo dedha, baraza lao la kusimamia malisho, huyafunga mpaka hali iwe ngumu. Kwa hiyo karatasi inapotandazwa hawashangai rangi. Wanaitazama kwa muda, wanatafuta visima vyao, halafu wanaanza kuihoji.

Mzee mmoja aliweka kidole kwenye ramani moja, na kidole cha mkono mwingine kwenye ramani ya mwaka tofauti, mahali palepale.

"Binti yangu, hapa na hapa rangi ni moja. Unasema mvua ilikuwa moja?"

"Ndiyo, mzee. Zote ni kati ya hamsini na mia."

"Na mimi nakubali. Lakini huu mwaka ilinyesha kidogo kidogo, nyasi zikashika. Huu mwingine ilikuja kwa siku chache, ikaenda na udongo, ikakata. Ng'ombe hawakuiona hiyo mvua."

Hakumbishia. Alisema ramani hii inahesabu jumla ya msimu, wala haijui siku. Wazee wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya miaka hiyo miwili, na kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyebishia rangi. Ubishi wote ulikuwa juu ya mvua. Waliweza kufika kwenye swali hilo la maana kwa sababu swali la kwanza, kama rangi hii ni sawa na ile, lilikuwa limekwisha jibiwa kabla hawajaketi.

Siku hizi anatengeneza seti ya nne, ya idadi ya siku za mvua. Siku ya mvua ni ile iliyopata angalau milimita moja, na kigezo hicho hakibadiliki kwa mwaka wowote. Dari la kipimo hiki linajulikana mapema, kwani Machi hadi Mei ni siku 92, ila Isiolo haikaribii hapo, na bado anapitia misimu yote kutafuta pa kuikatia mipaka. Rangi amekwisha kuzichagua: zambarau, nyepesi hadi nzito, ukoo ambao hakuna seti yake nyingine inayoutumia.